Posti imelipiwa, tangazo bado: kisa cha mafuta ya shea kutoka Lira

Kisa hiki ni cha mfano. Kimeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia baina ya kampuni ndogo za Uganda na watengeneza maudhui, kwa hiyo wahusika hawana majina, na bei zimewekwa ili hesabu ionekane. Sheria, kodi na taratibu za mitandao ni zilezile mtu atakazokutana nazo akiingia kwenye biashara hii.

Ilivyotokea

Kampuni iko Lira. Inakamua mafuta ya shea na kuyauza katika kopo la gramu 200, shilingi 15,000 rejareja. Nyumbani Kilango kinatosha, na Kampala Kiganda kinauza, lakini wanunuzi wake wa katoni wako Arua na kwenye njia za kuelekea Kongo na Sudan Kusini, ambako biashara nyingi huenda kwa Kiswahili. Ndiyo maana afisa masoko alimtafuta influensa wa Arua anayefundisha utunzaji wa nywele na ngozi kwa Kiswahili, kwenye Instagram na TikTok.

Walielewana kwa WhatsApp. Influensa alituma kadi yake ya bei: rili tatu na stori nne kwenye akaunti yake, shilingi 2,400,000. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: “Bei ni ya kuposti tu. Kutumia video kwenye matangazo ya kulipia tunaongea kando.” Kampuni ikajibu: “Sawa dada, tumekubali. Tuma ankara.” Siku mbili baadaye mhasibu akatoa LPO (hati ya oda) yenye mstari mmoja: “Kutengeneza video 3 za matangazo.” Hakuna aliyegundua kuwa karatasi hizo mbili zinapingana.

Rili ya pili ndiyo iliyoshika. Influensa anamsuka binti wa dada yake, mtoto wa miaka saba, na kumpaka mafuta kwenye mistari ya kichwa, huku wimbo unaotamba Kampala ukisikika nyuma. Kijana aliyeshika kamera na kuhariri alilipwa na influensa shilingi 100,000. Wiki hiyohiyo afisa masoko akaandika: “Dada, hiyo ya pili imependwa sana. Tunaomba faili safi isiyo na maandishi tuiweke kwenye page yetu.” Akajibiwa: “Sawa, nawatumia.”

Faili ilipofika ilikatwa kutoka sekunde 48 hadi 15. Ikaongezwa maandishi “Huondoa mabaka kwa siku 7”, maneno ambayo influensa hakuyasema popote. Ikaingizwa kwenye akaunti ya matangazo ya kampuni na kuendeshwa miezi mitano. Baada ya miwili ya kwanza eneo likapanuliwa hadi Kenya. Picha iliyotolewa kwenye video ikachapwa kuwa stika za milango ya teksi, yaani zile gari ambazo Wakenya huziita matatu.

Mwezi wa tano kampuni moja ya losheni Nairobi ikataka kumsaini influensa huyohuyo, kwa sharti la kutotangaza mafuta mengine ya ngozi. Kabla ya kusaini wakafungua Maktaba ya Matangazo ya Meta, ambayo mtu yeyote anaweza kuitazama, wakamkuta bado anauza mafuta ya Lira. Mwenyewe hakuwa na habari. Mama wa mtoto naye akaiona stika kwenye teksi.

Kwa nini tangazo lilivuka mpaka

Si tamaa iliyompeleka afisa masoko Kenya. Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, na mitandao mingine ilipofunguliwa Februari yenyewe ilibaki imefungwa. Waliotaka kuendelea nayo waliingia kwa VPN, yaani programu inayoficha mahali ulipo, na mtu aliye kwenye VPN anaweza kuonekana kwa mfumo wa matangazo kana kwamba yuko nchi nyingine. Mtu wa masoko akiona idadi ya walengwa Uganda imekuwa ndogo kuliko anavyoijua nchi yake, hushawishika kuongeza nchi jirani ili awafuate watu wake kule wanakohesabiwa.

Hesabu hiyo haiendi. Pamoja na Waganda wachache wa VPN, unawalipia Wakenya halisi wengi ambao hawana pa kuyanunua mafuta yako. Kibaya zaidi, umeingia soko ambalo influensa anaweza kuwa ameliuza, au yuko mbioni kuliuza, kwa mtu mwingine. Dawa ni kubaki na eneo la Uganda, kuelekeza pesa Instagram na kwenye mitandao inayofunguka bila VPN, na kama Kenya inatakiwa kweli, kuinunua kwa jina lake ndani ya leseni. Ukumbukwe pia mtego mdogo: Maktaba ya Matangazo ipo kwenye anwani ya Facebook yenyewe, kwa hiyo influensa aliye Arua bila VPN ndiye mtu wa mwisho kuona uso wake unavyotumika.

Nani alikuwa na haki gani

Influensa alipolalamika, kampuni ilijitetea kwa hoja moja, na hoja hiyo si ya kubeza. Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya 2006 inasema kazi iliyoagizwa na mtu mwingine, hakimiliki yake huwa ya aliyeagiza, isipokuwa kuna mkataba unaosema vinginevyo. Wengi waliosoma habari za Marekani hudhani ni kinyume chake. Hapa Uganda, influensa asiyeandika chochote anaweza kujikuta ameuza hakimiliki kwa kupokea oda tu.

Lakini yeye alikuwa ameandika. Sheria ya Mikataba ya 2010 inataka mkataba unaozidi pointi 25 za sarafu uwe wa maandishi. Pointi moja ni shilingi 20,000, kwa hiyo mpaka ni shilingi 500,000. Sheria hiyohiyo inakubali ujumbe wa kielektroniki kuwa maandishi, mradi unaweza kurejewa baadaye. Kadi ya bei pamoja na “tumekubali” kwenye WhatsApp vinatosha kujengea hoja ya “mkataba unaosema vinginevyo”. LPO iliyokuja baadaye ikitaja “video za matangazo” inaitia hoja hiyo ufa, hasa kwa kuwa influensa aliipokea na kutuma ankara bila kupinga. Kila upande ulikuwa na nusu ya kesi. Kwa fedha za kiasi hiki, nusu ya kesi haimpeleki mwenye akili mahakamani.

Tena hata kampuni ingeshinda hoja ya hakimiliki, tangazo lisingesimama. Hapa ndipo kampuni nyingi hupotea: zinafikiri faili ni kitu kimoja chenye mwenyewe mmoja.

Uso na sauti ni vya influensa, na hilo ni jambo jingine kabisa na hakimiliki ya video. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, Kitengo cha Biashara, iliamua kesi ya mkulima ambaye picha yake ilitumiwa kwenye matangazo ya benki bila idhini yake, na ikaitambua haki ya mtu juu ya taswira yake. Mambo yanayoangaliwa ni matatu: mlalamikaji anatambulika, aliyeitumia picha alifanya hivyo kwa kukusudia, na alikusudia faida ya kibiashara. Stika ya teksi ina yote matatu. “Sawa, nawatumia” ilijibu ombi la kuweka video kwenye page. Haikutaja tangazo la kulipia, Kenya wala milango ya teksi.

Kisha kuna haki za kimaadili za mtunzi, ambazo hubaki naye hata hakimiliki ikihama: kutajwa kwa jina, na kupinga kazi yake kupotoshwa kwa namna inayomvunjia heshima. Kukata video ni jambo la kawaida kwenye matangazo. Kumtia mtu mdomoni kwamba mafuta huondoa mabaka kwa siku saba si uhariri. Maneno ya tiba kwenye kipodozi huvuta pia macho ya NDA (Mamlaka ya Taifa ya Dawa), na wa kwanza kuulizwa na wateja ni yule ambaye sura yake inaonekana.

Mtoto. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kukusanya na kutumia data binafsi za mtoto, na picha inayomtambulisha ni data binafsi. Influensa alidhani idhini yake inatosha. Nyumbani mama mdogo ni mama, hakuna anayebisha, lakini kwenye karatasi anayetia saini ni mzazi, au mlezi anayetambulika hivyo.

Wimbo. Maktaba ya muziki iliyo ndani ya programu inaruhusu posti za kawaida. Tangazo ni jambo jingine, na posti yenye muziki wenye hakimiliki mara nyingi hukataliwa ukijaribu kuibusti, yaani kuilipia isambazwe. Kampuni ililikwepa hilo bila kujua, kwa sababu kijana wa kamera aliuchanganya wimbo wakati wa kuhariri. Mfumo haukuukataa mwanzoni, lakini wenye wimbo hawajaruhusu chochote. Leseni ya UPRS, chama cha haki za watunzi wa muziki Uganda, ambayo kampuni ililipia kupiga muziki dukani haisaidii: hiyo ni ya kuusikilizisha umma, si ya kuufunga wimbo kwenye picha za tangazo. Kwa tangazo unahitaji kibali cha mtunzi na cha mwenye rekodi, na mara nyingi hao ni watu wawili.

Kijana wa kamera hakuwa tatizo kubwa. Aliagizwa na influensa, kwa hiyo kanuni ileile ya kazi iliyoagizwa inambeba influensa. Mistari miwili yenye saini yake ingeondoa shaka yote.

Kuzima moto kwa mpangilio sahihi

Kosa la kawaida ni kuanza na ugomvi wa pesa huku tangazo likiendelea kutembea. Kila siku inayoongezwa baada ya malalamiko ni siku ya kukusudia. Kwanza kampuni ilisimamisha matangazo yote yenye video hiyo, bila kuyafuta: ukifuta, unapoteza ushahidi wa tarehe na maeneo unaouhitaji kwenye hesabu. Ikatoa ripoti ya akaunti ya matangazo inayoonyesha, kwa kila nchi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha na kiasi kilichotumika. Ripoti hiyo ikapelekwa kwa influensa ilivyo. Kumficha mtu tarakimu ambazo wakili wake anaweza kuzidai kesho ni kujiharibia mazungumzo tu.

Mtoto alishughulikiwa kabla ya jambo lolote la fedha. Picha yake iliondolewa kila mahali, pamoja na kwenye faili zilizobaki ofisini, na mama akaandikiwa barua ya kuthibitisha. Stika zilikuwa kazi ngumu, kwa sababu teksi hazikai mahali pamoja; ilibidi kuwalipa madereva kwenye stendi shilingi chache kwa kila stika iliyobanduliwa na kupigwa picha.

Kampuni ya losheni ya Nairobi ilihitaji kitu kimoja: tarehe. Kampuni ya Lira iliandika barua ikitaja siku ya mwisho ya matumizi na kukiri kwamba matumizi ya Kenya hayakuwa na idhini ya influensa. Sentensi hiyo ya kukiri iliwauma, na mhasibu alitaka ifutwe. Bila hiyo, mkataba wa Nairobi ungepotea, na dai la kupotea kwake lingekuwa kubwa kuliko kila kitu kilichokuwa mezani.

Hesabu

Soko halina bei moja. Njia inayoeleweka na pande zote ni kuchukua ada ya video moja na kutoza asilimia yake kwa kila siku 30 za matumizi. Ada ya kila rili hapa ilichukuliwa kuwa 800,000 (stori zikihesabiwa kuwa nyongeza). Walikubaliana asilimia 30 kwa Uganda mtandaoni, yaani 240,000 kwa mwezi, na nusu ya hiyo kwa kila nchi ya ziada.

Miezi mitano ya Uganda: 1,200,000. Miezi mitatu ya Kenya: 360,000. Stika, kwa mkupuo: 500,000. Kampuni iliomba siku 30 za mwisho Uganda kwa video iliyohaririwa upya, ili isikatize mauzo ghafla: 240,000. Jumla 2,300,000, karibu sawa na ada yote ya mwanzo. Leseni ya miezi mitatu ya Uganda, ingenunuliwa mapema, ingekuwa 720,000, na miezi mitatu inatosha kwa video ya aina hii. Baada ya hapo watazamaji wameichoka na gharama ya kila oda hupanda.

Kodi ilileta mzozo wake tayari kwenye ada ya kwanza. Mlipaji aliye kwenye orodha ya URA (Mamlaka ya Mapato Uganda) ya wakataji wa kodi ya zuio hukata asilimia 6 kwa malipo ya huduma yanayozidi shilingi 1,000,000. Kwenye 2,400,000 hiyo ni 144,000, na kinachomfikia influensa ni 2,256,000. Asiyejua huona ameibiwa. Pesa hiyo ni kodi yake ya mapato iliyolipwa mapema, mradi awe na TIN (namba ya mlipakodi) na adai hati ya zuio. Bila hati, ni kweli imepotea. Kadi ya bei iseme wazi kama bei ni kabla ya zuio na kama ina VAT ya asilimia 18 kwa aliyesajiliwa. Malipo yakija kwa mobile money, kuna ushuru wa asilimia 0.5 wa kutoa pesa; kwa milioni mbili ni shilingi 10,000, si haba.

Kutotangaza mshindani kuna bei yake kando. Isichanganywe na bei ya matumizi: hapa influensa anauza kazi atakazozikataa, na hizo yeye ndiye anayezijua.

Maneno yaliyopaswa kuwapo

Ukurasa mmoja ungetosha. Kifungu cha msingi kingeweza kusomeka hivi: “Influensa anairuhusu Kampuni kutumia Rili Na. 2, pamoja na sura na sauti yake zilizomo, katika matangazo ya kulipia ya Instagram na TikTok, ndani ya Uganda pekee, kwa siku 90 kuanzia siku tangazo la kwanza litakapowashwa na si baada ya tarehe iliyotajwa hapa chini. Hakimiliki inabaki kwa Influensa. Matumizi mengine yoyote, yakiwemo ya kuchapwa, yanahitaji idhini mpya ya maandishi.”

Sentensi ya hakimiliki ndiyo inayoizuia kanuni ya kazi iliyoagizwa, kwa hiyo isikosekane. “Kuanzia siku tangazo litakapowashwa” humlinda mnunuzi dhidi ya kuchelewa kwa kampeni, na tarehe ya mwisho humlinda muuzaji dhidi ya mnunuzi anayewasha tangazo baada ya mwaka. Anayeandika “kwa wakati wote” anapaswa kulipa bei ya wakati wote, na ni wachache wanaoweza.

Uhariri uelezwe kwa vitendo: ruhusa ya kukata urefu, kubadilisha vipimo vya skrini na kuweka tafsiri ya maneno yaliyosemwa, marufuku kuongeza dai lolote ambalo influensa hakulisema. Kila toleo litumwe kwa WhatsApp, na akinyamaza saa 48 lihesabiwe limekubaliwa. Bila kikomo cha muda, kampuni itakwama siku moja kabla ya sikukuu.

Na faili: zidaiwe sauti ya mazungumzo na muziki zikiwa njia mbili tofauti. Katika kisa hiki zilikuwa zimeungana. Kuondoa wimbo kulimlazimu influensa kurekodi maneno yote upya, kisha mdundo mwingine ukachukuliwa kwenye mkusanyiko wa sauti wa Meta ulioruhusiwa.

LPO irejelee mkataba kwa tarehe, na isielezee kazi kwa maneno yake yenyewe.

Ruhusa ndani ya mtandao

Leseni ya karatasi na ruhusa ya mtandaoni ni vitu viwili, na kimoja hakizai kingine. Kwa Meta, njia safi ni tangazo la ushirikiano: majina ya akaunti zote mbili huonekana juu, na influensa hutoa ruhusa kwa akaunti nzima au kwa posti moja kwa kutumia msimbo. Kwa kampuni ndogo achague posti moja. Ruhusa ya akaunti nzima ni kumwachia mpangaji wa chumba kimoja funguo za nyumba nzima. Nywila haitolewi kwa sababu yoyote ile.

TikTok nayo ina Spark Ads, matangazo yanayoendeshwa kwa posti ya influensa mwenyewe. Influensa hufungua mipangilio ya matangazo ya video husika, huwasha idhini, na kuchagua muda wa msimbo: siku 7, 30, 60 au 365. Tisini haimo. Anayeshughulika haraka huchagua 365, na leseni ya miezi mitatu inageuka ya mwaka kwa kubonyeza mara moja. Toa msimbo wa 60, kisha wa 30. Kampuni iandike kwenye kalenda siku ya kubadilisha msimbo, kwa sababu wa kwanza ukiisha tangazo huzimika, hata kama bajeti imebaki. Video ikifutwa kwenye akaunti ya influensa huzimika vilevile, kwa hiyo mkataba umzuie kuifuta au kuificha wakati wa leseni. Kwa kuwa maoni yote hukusanyika chini ya posti yake, ielezwe pia nani atajibu maswali ya bei na nani ataondoa matusi.

Siku 30 za mwisho zilipoisha, kampuni ilituma picha za skrini za akaunti ya matangazo zikionyesha kila tangazo limezimwa. Ikaomba jambo moja zaidi: kuitumia sauti ya influensa kutengeneza, kwa akili mnemba, toleo la Kilango na la Kiganda. Influensa alikataa toleo la Kiganda, kwa kuwa lugha hiyo haijui na asingeweza kukagua anachosemeshwa. La Kilango alilikubali kwa masharti: bei ya video mpya, kukaguliwa na mzungumzaji aliyemchagua yeye, siku 60, na faili ya sauti kufutwa muda ukiisha. Mafuta yanaitwa mafuta ya kupaka, na kwenye toleo hilo neno la tiba halimo.